Fahali Aliyekwaruza Gari la Baba

Siku ya maziko ya baba mkubwa, fahali wake mwenyewe alilikwaruza gari la baba yangu kuanzia mlango wa dereva hadi karibu na taa ya nyuma, na wiki nzima iliyofuata watu wazima wa familia yetu walibishana kama alama zile zifutwe au ziachwe. Zilikuwa alama mbili. Moja ilikuwa nyembamba kama uzi. Nyingine ilikuwa pana kiasi cha kupokea ncha ya kidole changu, na pembeni mwake rangi ya samawati ilikuwa imejiviringa kama maganda ya penseli iliyochongwa. Ndani kabisa bati liling'aa jeupe. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwahi kujua kwamba chini ya rangi ya gari kuna kitu kingine. Harufu ya ng'ombe, vumbi na majani yaliyopondwa ilikuwa imelishika gari lote, na hata tuliporudi Migori na kufungua madirisha yote, haikutoka upesi.

Nieleze ilivyokuwa. Baba alikuwa mwalimu mjini Migori katika miaka ya tisini, na pia mzee wa kanisa la Wasabato. Gari lake lilikuwa Pijo kuukuu ya mkono wa pili, lenye mgongo mrefu, na ndilo lililobeba jeneza la kaka yake kutoka chumba cha maiti cha Homa Bay hadi nyumbani kwetu kijijini. Katika desturi ya Wajaluo, mwanamume mwenye mji akifa, wanaume huwakusanya ng'ombe, hushika mikuki na virungu, na kuwapeleka mbio hadi mpakani huku wakiimba na kupiga filimbi, ili kifo kifukuzwe kitoke kwenye boma. Huitwa tero buru. Baba alikuwa amewaambia watu wa ukoo mapema kwamba yeye hatakwenda, na gari lake halitasogea hata hatua moja. Alilisema kwa upole, ila alilisema mbele ya watu wote, na wazee walinuna kwa namna ambayo hata sisi watoto tuliielewa. Mwaka uliotangulia, mzee mwenzake wa kanisa alikuwa ameombwa apumzike kwenye kazi yake baada ya kuonekana kwenye sherehe kama ile kwa wakwe zake. Baba aliipenda kazi ile ya kanisa kuliko hata ualimu.

Kwa hiyo wengine walikwenda, na yeye akabaki amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na gari, akiwa na Biblia iliyofungwa mapajani. Niliketi chini karibu naye. Tulisikia kelele zikienda mbali, zikapotea nyuma ya mashamba ya mtama, kisha zikaanza kurudi. Ng'ombe waliingia uani kwa kishindo, shingoni na kwenye pembe wamevishwa mimea ya kutambaa, na mbele yao alikuwa fahali mweusi ambaye baba mkubwa alimlea tangu ndama. Hakuna aliyemwelekeza. Alikata kona akapita katikati ya kiti cha baba na gari, akainamisha kichwa, akauburuta ubavu wake na pembe yake kwenye bati kwa sauti ambayo meno yangu bado yanaikumbuka. Baba alikuwa ameruka pembeni. Biblia ilianguka. Fahali aliendelea hadi kwenye kaburi bichi, akasimama.

Nilitazamia hasira, lakini uani palitokea kitu kama faraja. Wazee waliokuwa wamemnunia baba asubuhi walimjia wakamshika mkono. Dada yake mkubwa, ambaye sisi tulimwita Waya kama Wajaluo wanavyomwita shangazi, alikuja akipangusa jasho kwa kanga, akazitazama alama zile kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma. Waya alikuwa mwanamke mrefu, muuza samaki wakavu, mwenye mzaha hata matangani. Alimwita baba "Owadwa", yaani ndugu yetu, neno ambalo mdomoni mwake lilikuwa na uzito wa mtu aliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Akamwambia, "Owadwa, wewe ulikataa kwenda, lakini gari lako limekwenda. Liache hivyo mpaka tunyoe." Alimaanisha siku ya kunyoa nywele, ambayo hufunga siku za kwanza za matanga, na ambayo ukoo ulikuwa umeisogeza hadi Jumapili iliyofuata ili wanaofanya kazi mijini waweze kufika. Baba alijibu kwamba amesikia. Nilikuwepo. Hakusema kwamba atafanya, alisema kwamba amesikia, lakini Waya alitabasamu na kwenda kupakua chakula, na kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Tuliporudi Migori mvua za masika zilikuwa zimeshika. Asubuhi ya pili ule mstari mpana ulikuwa umeanza kuota kutu, wekundu mwembamba kama damu iliyokaukia kwenye goti. Baba aliuona, na nadhani kutu ile ilimpa sababu aliyokuwa akiitafuta. Alisema gari litaoza. Mama, aliyetoka kwa watu wa Karungu na ambaye hakuwa na haraka katika jambo lolote, alimwambia, akimwita kwa jina langu, "Baba Akinyi, ni wiki moja tu. Paka grisi, ungoje." Baba akasema Sabato haitangoja. Ndipo tukajua kwamba si kutu. Aliona mbele ya macho yake akiegesha gari uani mwa kanisa, waumini wakilizunguka, na mmoja wao akiulizia pembe ile ilipita wapi na kwa nini. Alikuwa ameshawajibu kichwani na hawakuwa wameridhika.

Fundi aliitwa Picha, kwa sababu alianza maisha kwa kuandika mabango ya maduka. Alikuwa Mkuria wa Kehancha, mwenye maneno mengi na kofia isiyovuliwa, na karakana yake ilikuwa uwanja wa wazi nyuma ya stendi, wenye paa la mabati upande mmoja tu. Aliinama akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkwaruzo mwembamba, ukapita bila kukwama, akasema huo utatoka kwa kusuguliwa na kung'arishwa. Kwenye ule mpana ukucha ulizama. Akafuata nao polepole hadi mwisho, akisimama mara mbili kama msafiri anayepumzika.

"Mwalimu, hii si mkwaruzo, hii ni barabara. Nani alikuwa anapita hapa?"

"Ng'ombe."

"Wa nani? Tumshitaki mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa," baba akasema.

Picha aliivua ile kofia. Aliishika kidogo mkononi, akairudisha, akaenda kutafuta msasa.

Shule yetu ilikuwa karibu na stendi, na kila jioni baba alinituma nikaangalie kazi imefika wapi. Nilizifurahia jioni zile kuliko inavyofaa kusema. Baba mkubwa alikuwa ndani ya udongo usiokauka bado, naye ndiye aliyekuwa akinikatia miwa, lakini mimi nilikuwa nikimwomba Mungu darasa liishe nikaone msasa. Picha alisugua kingo za mkwaruzo kwa msasa uliolowekwa maji, mpaka pale rangi ilipokutana na bati pakawa laini kama mteremko, na maji ya samawati yakatiririka hadi kwenye gurudumu. Ndani ya ukanda wa chuma kando ya mlango alikuta kipande cha ule mmea wa kutambaa, bado kibichi. Alinipa nikampelekea mama, naye akakiweka juu ya kabati. Kisha Picha alikanda fila, lipu ya kuzibia mashimo ya bati, juu ya kipande cha kioo, akaichanganya na dawa yake ya kuigandisha, akaipaka kwa raba iliyokatwa kwenye soli ya kandambili, akisukuma kwa nguvu ili hewa isibaki chini. Ilipokauka ilikuwa kovu la kijivu. Aliisugua tena kwa msasa uliofungwa kwenye kipande cha ubao, akafumba macho, akapitisha kiganja. Alisema macho hudanganywa na mwanga lakini kiganja hakidanganywi. Nami nikafumba macho, nikapitisha changu. Fahali hakuwepo tena.

Alhamisi alipaka rangi ya chini, na Ijumaa akafunika madirisha kwa magazeti ya zamani na kuchanganya rangi yenyewe. Hakukuwa na mashine ya kusoma rangi. Alimimina samawati, nyeupe, tone la nyeusi, akaikoroga na thina ya kuipunguza uzito, akajaribu kwenye kifuniko cha mkebe, akakiweka kando ya gari na kukikazia macho kama mtu anayelinganisha watoto na baba yao. Mvua ilikuwa inatishia, baba alikuwa amesimama nyuma yake akitazama saa, na mawingu yalifanya kila kitu kiwe na rangi moja. Picha akatamka kwamba ni pacha. Akapuliza kwa kompresa, mashine ya upepo, tabaka juu ya tabaka, na harufu ya thina ikanipanda kichwani tamu na kali. Jua la Ijumaa lilipozama na Sabato kuingia, gari lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwetu, linang'aa.

Mchana wa Sabato jua lilitoka. Pale uani mwa kanisa kila mtu angeweza kuona mkanda mrefu wa samawati iliyokolea kuliko ndugu zake, kuanzia mlango wa mbele hadi nyuma. Mzee mmoja alimtania baba kwamba gari lake limeshonewa kiraka. Baba, ambaye alikuwa amejiandaa kwa swali hilo wiki nzima, alijikuta anaeleza yote: maziko, ng'ombe, fahali. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini ng'ombe hana dini, Mwalimu." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Kisha mchungaji akamuuliza kwa masikitiko kwa nini hakuwatangazia siku ya maziko, kwa kuwa kwaya ilikuwa tayari kusafiri hadi Homa Bay. Hakuna aliyekuwa akimtafutia kosa. Njiani kurudi baba aliendesha taratibu mno, na mama alitazama nje.

Jumapili tulikwenda kunyoa. Binamu zangu walikuja mbio kutupokea, vichwa vyao vikiwa vipya na vyeupe kwa wembe, na nakiri kwamba nilikuwa nimengojea waone gari linavyong'aa. Walifika kwenye mlango wa gari wakapapasa. Mmoja wao, mtoto wa marehemu, aliinama kutafuta chini, kana kwamba alama zile zimeanguka. Waya alitoka jikoni akiwa na mwiko. Alifika, akaweka kiganja juu ya ule mkanda, mahali palepale nilipokuwa nimeweka changu, akakitembeza hadi mwisho. Hakupandisha sauti.

"Ndugu yetu alikugusa mara moja tu, wewe ukakimbia kwenda kunawa."

Baba alianza kueleza habari ya kutu. Waya alimkatiza akimwambia, "Karibu ndani, Mwalimu, chakula kiko tayari." Kila mtu pale alilisikia lile neno. Aliendelea kumwita hivyo siku ile, na Krismasi, na mwaka uliofuata. Hakumnyima kitu. Alimpikia, alimtumia samaki, alimuulizia afya, lakini alimwita kwa jina ambalo wageni na wazazi wa wanafunzi walimwita, na wala hakulisema kwa kejeli. Nadhani kejeli angeivumilia.

Miezi kadhaa baadaye nilifuatana na baba hadi kwa Picha. Nilidhani anakwenda kulalamika kuhusu rangi isiyolingana, naye Picha alidhani hivyo pia, akaanza kulaumu mawingu. Baba akamuuliza kama fila ikiondolewa alama zitaonekana tena. Picha hakucheka mara moja. Alimtazama ahakikishe kwamba swali ni swali, kisha akasema, "Mimi nafuta, Mwalimu. Kuchora ni kazi ya ng'ombe." Baba akamshukuru. Tulirudi nyumbani kwa miguu, ameshika mkono wangu kwa nguvu kupita kiasi, na mimi nikaona aibu kwa ajili yake bila kujua niiweke wapi.

Siku hizi Migori kuna maduka ambamo mashine husoma rangi ya gari lako na kukuchanganyia inayolingana hata juani. Nyumbani, kwenye tero buru, magari na pikipiki hutangulia mbele ya ng'ombe zikipiga honi, na nimewaona wazee wa makanisa kadhaa wakiwa ndani yake, madirisha wazi, wakipunga matawi. Hakuna anayewauliza lolote Sabato au Jumapili. Kile ambacho baba alikiogopa kimekuwa jambo la kawaida kabisa, na kila nikiona msafara wa namna hiyo huhisi kama vile ni mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya Picha nikitazama saa.

Baba sasa ni mzee sana na miguu haimbebi tena. Mapema mwaka huu aliniomba nimpigie Waya simu, nimwombe aje Migori wakae pamoja siku chache, maana yeye hawezi kusafiri. Nilimpigia. Alinichekesha kwanza, kama kawaida yake, akalalamika kuhusu magoti yake, kisha akauliza, "Mwalimu anaendeleaje?" Nilipomweleza ombi la baba, nikamsikia akifukuza kuku. Akasema ataona baada ya kuvuna mtama. Baba ameagiza Waya atandikiwe kitanda cha pili chumbani mwake, na huuliza habari za mvua za Homa Bay kuliko anavyouliza za hapa. Mtama umeshavunwa. Waya hajaja, wala hajasema kwamba hatakuja.