Kitasa cha Binti wa Fundi

Watu walimwita Funguo, na jina lake la ubatizo likabaki kwenye daftari la kanisa tu. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kibanda cha bati nyuma ya posta, akichonga funguo na kuwafungulia milango waliojifungia nje. Alikuwa na sharti moja: hagusi mlango mpaka mwenyewe awe amesimama hapo. Wateja waliomzoea walimtania kwamba hata mbinguni atamwomba Petro kitambulisho.

Sharti hilo lilikuwa na chanzo. Alipokuwa kijana, mwanamume mmoja alimpeleka kwenye nyumba fulani akidai amepoteza ufunguo. Akamfungulia. Ndani alikuwamo mke aliyemkimbia mtu huyo, na kipigo alichokipata kilimlaza hospitali majuma matatu. Funguo alikwenda kulia kwa mchungaji. Mchungaji hakumhubiria sana. Alimwambia tu, "Mungu amekupa mikono ya kufungua. Mwombe akuonyeshe pia pa kuishia."

Binti yake wa pekee alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwuzaji wa duka la vitabu. Mwaka huo alianza kunyamaza. Aliacha kwaya, akawa anarudi nyumbani na kuingia chumbani moja kwa moja. Kisha Jumatatu moja mama yake akakuta mlango wa chumba una kitasa kipya.

"Amekinunua kwa mshindani wako," mkewe alimwambia Funguo. "Sasa fungua tuone anaficha nini."

"Mwenyewe yuko kazini."

"Mwenye nyumba ni nani? Si wewe?"

"Nyumba yangu, Mama. Chumba chake."

"Mganga hajigangi," mkewe akasema, akaenda zake jikoni.

Mkewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikujua kukaa kimya. Jambo likimfika asubuhi, kufikia adhuhuri jumuiya nzima ilikuwa inaliombea.

Siku nne baadaye, mkewe akiwa sokoni, Funguo alichukua waya zake mbili nyembamba na kupiga magoti mbele ya mlango ule. Kitasa kilikuwa cha bei rahisi. Kukifungua kusingemchukua muda wa kumenya chungwa. Aliingiza waya ya kwanza, akahisi kipini kimoja cha ndani ya kitasa kikipanda, kisha cha pili. Alikuwa anajiambia kwamba baba si mgeni. Ndipo akamkumbuka yule mwanamke, na jinsi mumewe naye alivyosema si mgeni.

Hakusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Alizichomoa waya, akainuka huku magoti yakimlia, akarudi kibandani.

Jioni alibisha hodi. "Mwanangu, leo nilipiga magoti hapa mlangoni, wala sikuwa nasali. Niliingiza waya, kisha nikaitoa. Nisamehe."

Kutoka ndani binti akauliza, "Mama anajua?"

"Hajui. Akiniuliza nitamwambia."

Mkewe aliuliza, akaambiwa, na kwa siku mbili alimwekea chakula na kwenda kula chake jikoni. Funguo aliendelea kusali asubuhi kama kawaida. Hakupata jibu la wazi. Aliendelea kungoja kwa sababu hakuona njia nyingine iliyo halali.

Jumamosi ya juma lililofuata binti alifungua mlango na kuwaita wote wawili. Mezani palikuwa na pakiti za vidonge na kadi ya kliniki. Alikuwa na kifafa. Alikuwa ameanguka mara mbili stoo ya duka, na daktari alikwisha kumwandikia dawa tangu miezi mitatu iliyopita.

"Mbona hukusema?" mama yake akalia.

"Mama, ningesema Jumatano, Jumapili ningetajwa kanisani."

Mama aliichukua kadi ya kliniki, akaanza kuisoma.

Kilichomtikisa Funguo ni kingine. "Na kama ungeanguka humu, umejifungia?"

"Niliwaza hivyo kila usiku," binti akasema. "Ndiyo maana nimewaita. Na kwa sababu uliniambia kuhusu waya."

Funguo hakujisifu. Alijua kwamba kungoja kwake kungeweza kuishia pabaya, na hadi leo akiulizwa husema hajui kama alikuwa na busara. Anajua tu kwamba mpaka ule haukuwa wake kuuvuka, na yaliyo ng'ambo yake alimwachia Mungu.

Binti alikiondoa kitasa mwenyewe kwa bisibisi. Mwezi wa pili baada ya hapo alianguka jikoni. Mama yake alimlaza ubavu kama walivyofundishwa kliniki, akamwekea kitenge chini ya kichwa, akaitazama saa mpaka alipozinduka. Jumapili iliyofuata wanajumuiya walipomuuliza mama habari za nyumbani, alijibu, "Nzuri tu," akawauliza za kwao.