Anamwaga au Anachota

Mama Mapipa alianza na mapipa mawili. Aliyakuta nyuma ya ukuta wa kiwanda kimoja cha sabuni ya maji, yametupwa, akayaomba, akapewa. Akayaosha, na kabla jua halijageuka alikuwa ameshamuuzia mjenzi yote mawili. Kesho yake akarudi pale ukutani. Mlinzi akamwambia, "Leo hayatupwi tena, mama. Leo yanauzwa."

Mwingine angenuna. Yeye alifurahi, maana aliona kwamba kitu chenyewe kina thamani, hadi aliyekuwa akikitupa ameanza kukipigia bei. Wakapatana palepale, na mlinzi akapata chake.

Hiyo ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Sasa ana uwanja wake nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, mapipa ya bluu yamepangwa matatu matatu kwenda juu, na mtaro unapita pembeni ukielekea kijitoni. Anafanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mikono mizito na ulimi mwepesi. Kazi haina siri. Unatia maji kidogo ndani ya pipa, unaongeza kokoto, unafunga kifuniko, unalilaza chini, unalibingirisha kwa mguu mpaka kokoto zikwangue kuta zote. Halafu unalisimamisha, unafungua, unamwaga. Unatia maji mengine. Mwisho unaingiza kichwa ndani na kuvuta pumzi. Pipa likikataa pua, linarudi kwenye kokoto.

Mteja akiomba kuonyeshwa karatasi ya kuthibitisha usafi alikuwa akimjibu, "Karatasi ya nini? Pua yangu ndiyo karatasi."

Kilichomtikisa hakikuwa afisa wala mshindani. Kilikuwa katuni.

Mwisho wa mtaa kuna banda la video. Mwendeshaji wake wanamwita Spika. Zamani alikuwa mnadi wa mitumba sokoni, na hadi leo anaishi kwa mdomo. Anaketi kando ya skrini na kipaza sauti, anapunguza sauti ya filamu, anawasimulia watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Maneno anayasoma yale ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na Kiingereza chake ni cha kutosha kununulia viatu. Yanayompita anayatunga, na wengi huja kwa ajili ya hayo ya kutunga.

Jumamosi moja mchana filamu ya ngumi iligoma kufunguka. Spika akaweka iliyokuwa karibu, katuni ya Wajapani. Fundi cherehani wa mtaa huo, ambaye hakosi Jumamosi hata moja, alipiga kelele kutoka benchi la pili.

"Yaani nimeacha suruali ya mtu bila mguu mmoja, nije kuangalia katuni?"

"Nenda kamalizie mguu, fundi. Mlango huo hapo."

Hakwenda. Baada ya dakika kumi hakuna aliyekwenda. Filamu ilikuwa ya mto, na ndani ya mto dude moja kubwa la topeni, shingo kama bomba, matete yameota mgongoni. Mji umejengwa kandokando, na kila mji unavyotanuka maji yanazidi kuwa meusi, na lile dude linazidi kuvimba. Halafu kuna bibi mmoja, kibanda chake kiko ukingoni, nyuma ya kibanda pana lundo la uchafu linalofika dirishani.

Sasa filamu hiyo ina ugonjwa mmoja: inanyamaza. Kuna mahali bibi anashuka mtoni na ndoo, anainama, anainuka, anaondoka, anarudi, na kwa dakika nne nzima hakuna neno, hata muziki hakuna. Wa nyuma wakaanza kuuliza, "Spika, mashine imekufa?" Mtu wa kazi ile anaogopa kimya kuliko kukatika kwa umeme. Akakijaza.

"Mnamwona? Anamwaga! Kila asubuhi anashusha uchafu wake mtoni, halafu anajifanya hajui dude limevimbia nini. Huyu ni Mama Mapipa wa huko kwao!"

Banda zima likaangua kicheko. Mwisho wa filamu dude linatoka majini usiku linakwenda mpaka mlangoni kwa bibi, na picha inaishia hapo, mlango ukifunguliwa. Watu wakatoka wakiwa na hakika kwamba bibi ameliwa, na kwamba alistahili.

Binti wa Mama Mapipa alikuwa mle ndani. Alifika nyumbani amekasirika.

"Mama, umetiwa kwenye filamu."

"Wamenilipa?"

"Mama, mimi sitanii."

Jumatatu ndipo alipoelewa. Mteja wa kwanza aliuliza, "Hili limeoshewa wapi?" Wa pili aliuliza hivyohivyo, akachungulia mtaro, akaondoka. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyeuliza hilo. Mchana akaja mtunza stoo wa shule. Huyu alikuwa ameagiza mapipa ishirini ya kukingia maji ya mvua, na kwa ajili ya oda hiyo Mama Mapipa alikuwa ameshanunua mzigo. Mtaji wake wote ulikuwa umesimama uwanjani, wa bluu, umejaa hewa.

"Mama, tusubiri kidogo," mtunza stoo alisema, akitazama viatu vyake. "Si mimi. Wazazi wanasema. Watoto watakunywa maji hayo."

"Tusubiri mpaka lini?"

"Kidogo."

Mtu wa biashara anajua kidogo ya namna hiyo ina urefu gani. Shule ikijitoa, wazazi wanajitoa, na wazazi ndio mtaa.

Wifi yake alitaka vita. "Twende tukamtukane mbele za watu, Spika huyo, mpaka asahau jina la mama yake."

"Wifi, ukimtukana Spika umempa filamu ya pili, tena ya bure."

"Basi utakaa hivyo?"

"Nitakwenda kuiona. Siwezi kubishania mzigo ambao sijaufungua."

Jumamosi iliyofuata banda lilijaa mpaka mlangoni, maana habari ilikuwa imetembea. Mama Mapipa alilipa kiingilio kama wengine, akakaa benchi la mbele, mkoba mapajani. Mtunza stoo alikuwa nyuma na mkewe na watoto. Spika alipomwona, mdomo ukampungua kasi, lakini kazi ni kazi. Ilipofika zile dakika nne alikohoa, akasema chinichini, "Hapa bibi anamwaga, anamwaga..."

Mama Mapipa akasimama.

"Spika, simamisha hapo."

"Mama, filamu si basi, haisimamishwi kwa mkono."

"Wiki iliyopita uliisimamisha ukaenda kujisaidia. Binti yangu alikuwepo."

Kicheko safari hii kilimwangukia Spika. Akabonyeza, picha ikaganda.

"Rudisha nyuma kidogo. Haya. Acha iende. Msitazame ndoo, tazameni bega." Alikwenda mpaka kwenye skrini, akaweka kidole. "Inashuka, mkono umelegea. Inapanda, bega limeinuka na shingo imekaza. Anayemwaga, ndoo yake inashuka nzito inarudi nyepesi. Hii inashuka nyepesi inapanda nzito. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu tangu asubuhi mpaka jioni. Huyu bibi hamwagi. Anachota."

"Rudisha tena," alisema fundi cherehani.

Ikarudishwa. Ikarudishwa mara ya tatu. Mama mmoja wa katikati akasema, "Kweli jamani, akiondoka inamchuruzikia miguuni. Ndoo tupu ingechuruzika nini?"

"Na lile lundo nyuma ya nyumba?"

"Si ndilo analolitoa mtoni! Anachota tope, analianika."

"Kwa hiyo lile dude halikwenda kumla?"

"Limekwenda kushukuru."

"Wapi! Limekwenda kusema uchafu umezidi, bibi peke yake hawezi."

"Dude linaongea?"

"Wewe umelipa kuona dude lenye matete mgongoni, sasa kuongea ndiko kunakukera?"

Wakabishana hivyo, filamu imesimama, bibi ameinama na ndoo yake mbele yao wote. Watu waliokwisha kumhukumu bibi wiki nzima sasa walikuwa wakimtetea kana kwamba ni shangazi yao. Spika alishusha kipaza sauti.

"Mimi nilijaza tu. Pale hapana maneno."

"Pasipo na maneno, nyamaza," alisema Mama Mapipa.

"Nikinyamaza wanadhani umeme umekatika."

Angeweza kukaa hapo, ameshinda. Lakini kutoka nyuma mtunza stoo aliuliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa:

"Na wewe, Mama Mapipa? Unamwaga au unachota?"

Banda likanyamaza, na hakuna aliyedhani umeme umekatika.

Uongo ulikuwa karibu, tena rahisi. Ila mtaro uko pale, hatua mia mbili kutoka bandani, na yeyote mwenye macho angeweza kwenda kuutazama akitoka. Mtu mwenye akili hauzi kitu ambacho mnunuzi atakikagua kabla hajafika nyumbani.

"Namwaga," alisema. "Miaka kumi na mmoja. Hata maji ya kwanza, yenye povu."

"Basi utamwaga na unga," sauti moja ikatania kutoka gizani.

"Unga nimeshaanza kuumwaga tangu Jumatatu, asante. Sasa nisikilizeni." Hakurudi kwenye benchi. "Maji ya kwanza ya pipa la sabuni ni sabuni. Wanaoosha magari pale juu wananunua sabuni kila siku. Watayachukua. Ya pipa la mafuta ya kupikia yakikaa, mafuta yanapanda juu, nayo yana mtu wake. Maji ya mwisho tu ndiyo yatakwenda mtaroni, na hayo hata mimi nanawia uso. Lakini hiyo ni kazi mbili badala ya moja. Anayetaka pipa la namna hiyo, bei si ile ya zamani."

"Lo!" fundi cherehani akaruka. "Yaani umekuja kutupandishia bei kwa katuni?"

"Fundi, ukishona koti lenye bitana unatoza sawa na lisilo na bitana?"

Fundi akakaa tena kwenye benchi lake.

"Jumatano nitapita," alisema mtunza stoo. "Nitataka kuona."

Spika akaiachia filamu iendelee. Bibi alishuka mtoni tena na ndoo yake. Spika alisema neno moja, "Anachota," akafunga mdomo mpaka dakika nne zikaisha, na watu walikaa wakitazama lile bega.

Sisemi kwamba Mama Mapipa alitubu. Alipiga mahesabu. Lakini mahesabu mengine yanatoka jasho kuliko toba. Jumapili alilikata pipa kubwa la chuma upande wa juu, akalizika nusu ardhini, likawa la kupokea maji ya kwanza. Jumatatu kiongozi wa waosha magari alikuja na madumu yake, akachovya kidole, akakisugua kwenye kiganja mpaka povu likatoka, akaondoka amebeba bila maneno mengi. Wifi alilalamika kwamba mgongo wake haukuajiriwa kuchota, uliajiriwa kumwaga. Alilalamika huku akichota.

Tatizo lilijitokeza Jumanne. Katika yale ishirini ya shule, sita yalikuja yamebanduliwa lebo. Aliyeyauza alisema yalikuwa ya sharubati. Yalipooshwa hayakunuka kitu. Lakini jua lilipoyapiga, saa sita, yalitoa harufu kali ya kupanda puani, si ya sabuni wala ya tunda lolote. Yakipoa, harufu inajificha tena.

Wifi aliinamia moja, akainuka haraka. "Asubuhi hayanuki," alisema. "Mwambie aje asubuhi."

Mama Mapipa alikuwa ameshaanza kuyatenga. Aliyabingirisha moja moja mpaka upande wa karakana.

Jumatano mtunza stoo alikuja na gari la shule, na alikuja asubuhi, saa mbili, bila kuambiwa na mtu. Alitazama pipa la kupokelea, alitazama mtaro, akaingiza kichwa katika kila pipa kama alivyoona Mama Mapipa akifanya. Akahesabu.

"Kumi na manne. Mimi niliagiza ishirini."

"Yale sita siyajui."

Akaenda kwenye yale sita, akaingiza kichwa. "Mbona haya hayana harufu kabisa?"

Wifi aligeukia ukuta, mabega yamemdondoka.

"Rudi saa sita utayasikia," alisema Mama Mapipa. "Au uniamini sasa, uokoe safari."

Mtunza stoo akamtazama. Kisha akatoa kalamu, akaandika kumi na manne.

"Hayo mengine sita utaniletea ukipata unayoyajua."

"Kwa bei ya leo?"

"Ya leo."

"Tumeelewana, baba."

Gari la shule lilipoondoka na mapipa yake yakigongana, wifi alimgeukia. "Wifi yangu, sita mazima! Wajenzi wangeyachukua. Wao hawanywi, wanachanganyia saruji."

"Leo mjenzi, kesho mjenzi amehama, mkewe anatilia maji ya kupikia. Lete msumeno."

Waliyakata mchana ule, kwa urefu, kila moja vipande viwili, ili yasije yakaitwa mapipa tena. Jua lilikuwa limesimama kichwani. Kwenye pipa la tatu plastiki ilipofunguka, harufu ikatoka kwa pamoja ikawafukuza wote wawili mpaka barabarani, wakikohoa na kufuta macho.

"Sharubati!" alisema wifi alipopata pumzi.

Wakangoja upepo upite, kisha wakarudi kumalizia matatu yaliyobaki.