Karanga za Ubatizo

Wengine wanacheka kisa hiki. Mimi bado nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Kwa ubatizo wa mtoto wa dada yangu nilikaanga karanga na vipande vya makemba, zile ndizi za kupika, nikavichanganya na sukari iliyoyeyuka na chumvi. Sukari yenyewe niliisaka wiki mbili, maana uasi ulikuwa umekausha maduka yote. Nikajitwika beseni, mwanangu Mado mgongoni, ametulia kuliko siku zote. Kwenye kizuizi cha njia ya Kapalata, askari kijana akanishushia beseni, akafunua kitambaa, akachungulia, akanirudishia. Nikafika kwa dada: robo nzima haipo!

Nilirudi mbio na mtoto wangu mgongoni.

"Komanda! Mutu wako iko mwizi!"

"Mama, Mungu iko, sikugusa hata moja," askari akaapa.

"Nyamaza! Mudomo yako inanuka sukari!"

Uongo mtupu. Sikuwa nimenusa chochote. Komanda akaamuru avue shati, achapwe fimbo kumi.

Alors, Mado akaanza kulia. Nikafungua kitenge nimshushe, nipate kutazama vizuri akichapwa. Karanga zikamwagika miguuni pangu, makemba yakafuata. Mado alikuwa bado amefumba ngumi iliyojaa, mashavu yanang'aa sukari.

Askari, shati mkononi, akainama, akaokota karanga moja, akaitafuna taratibu.

"Bon, mama," akasema. "Sasa ndiyo nimeiba."