Kipande cha Selotepu cha Baba

Enzi zetu kule Nyakasimbi mtu hakupigwa picha hivi hivi tu. Ulioga kwanza, ukapakwa mafuta mpaka magotini, ukavalishwa nguo ya Jumapili, kisha ukasimama mbele ya migomba wima kama askari, marufuku kucheka. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na baba alizigawa kama nyama ya Krismasi. Ikiisha, ilipandishwa basi kwenda Bukoba kusafishwa, nasi tukakaa majuma tukiulizana nani alifumba macho.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa, ila kwa kile kikamera alichotumiwa na mjomba kutoka Nairobi alijiona profesa. Kamera yenyewe ilijifanya inajua kila kitu. Ilisoma vimraba vyeusi na vya fedha kwenye kikopo cha filamu, ikajiamulia mwanga uingie kiasi gani. Lakini ikikutana na gauni jeupe na ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, iliubana mwanga, na sisi tukatoka nguo na meno tu.

Ndivyo alivyotoka bibi, mama yake baba, siku ya kipaimara cha kaka. Aliitazama ile picha, akairudisha.

"Gauni ni langu," alisema. "Mwenye gauni yuko wapi? Mimi nataka wajukuu wayaone macho yangu."

Akagoma kupigwa tena. Baba akaharibu filamu mbili akichunguza, mpaka akapata ujanja: ukiziba mraba mmoja wa fedha kwa selotepu, kamera inadhani filamu hiyo inahitaji mwanga mwingi zaidi, basi inaumimina. "Mashine hii haizijui sura zetu," alituambia. "Lazima uidanganye ndipo iseme kweli."

Pasaka iliyofuata bibi alikubali. Tulimtolea kiti uani, akakaa na gauni lake jeupe. Baba akanituma filamu aliyokwisha kuiandaa mezani. Sasa mimi, mtoto wa kike niliyefundwa usafi kwa fimbo, nikaona kikopo kimeganda uchafu. Nikaukwangua kwa ukucha, nikakifuta kwa sketi, nikampelekea kwa mikono miwili, adabu tele. Baba alikuwa anambembeleza bibi asiinamishe kichwa. Akaipachika bila kuitazama.

Picha hazijarudi, bibi akafariki.

Ziliporudi, tuliona gauni, tukaona mikono miwili imetulia mapajani, kila mshipa wake. Juu ya shingo, giza. Baba aliigeuzageuza, akasema labda selotepu ilibanduka yenyewe. Nilinyamaza. Kwanza niliogopa fimbo, nilipokua nikaogopa kumuumiza, na mwishowe naye akaenda bila kujua. Hilo linanichoma mpaka leo.

Siku hizi binti yangu hali ndizi kabla hajazipiga picha, mpaka zinapoa. Simu yake imejaa uso wake, kwingine amejing'arisha hadi namuuliza huyu mgeni ni nani. Namtania: sisi tuliidanganya kamera tuonekane tulivyo, ninyi mnaidanganya muonekane wengine. Anacheka, ananipiga na mimi kabla sijavaa hata kilemba.

Juzi aliikuta ile picha ndani ya Biblia yangu.

"Mama, bibi yako alikuwaje usoni?"

Nikaweka kidole pichani, pale mapajani.

"Mikono ndiyo hiyo," nikamwambia. "Macho niliyabandua mimi."