Kuimba Kabla ya Moyo Kusimama

Wewe unayenisikiliza, nitakueleza taratibu, na nikikwama univumilie, maana ni habari ya mdogo wangu.

Mwaka wa 2017 aligongwa na gari akivuka kwenye roboti, taa za barabarani, karibu na chumba ninachoshonea nguo mtaa wa Jeppestown, huku ugenini. Ubongo uliharibika pasipo tumaini; mashine ndiyo iliyompumulia. Daktari alituambia haitamsaidia tena, itaondolewa. Baadaye muuguzi mmoja, asiyehusika na matibabu yake, akamuuliza shemeji yangu kama figo za mumewe zingeweza kupewa wagonjwa wanaozisubiri. Shemeji akakubali.

Pale hospitalini nilimfafanulia shangazi yetu hivi: mashine ikitolewa, moyo utasimama wenyewe. Watasubiri dakika chache kuhakikisha haurudi. Hapo amekufa kweli. Lakini figo isiyopata damu huharibika upesi, kwa hiyo atapelekwa chumba cha upasuaji papo hapo.

Shangazi akashtuka. Kwetu Bukavu maiti haiachwi kabla ya kuimbiwa, na aliye hai haimbiwi nyimbo za msiba. Ni kukiita kifo.

"Kanisani mnachelewa kila Jumapili," alisema. "Leo kifo ndicho mnakiwahi?"

"Shangazi, wakichelewa, figo hazitamfaa mtu."

"Na mwanangu je? Aende bila wimbo?"

Shemeji akaingilia kati. "Hakuwahi kuniambia anataka nini," alisema. "Ila najua alipenda kuimba. Shangazi, tuache za msiba. Tumwimbie zile za shukrani, angali hai. Huko si kukiita kifo."

Shangazi akasogea karibu na kitanda. "Basi anza wewe," akasema. "Kwa sauti yako hiyo mbovu, labda ataamka akunyamazishe."

Shemeji akacheka huku machozi yanamtoka, akaanza.

Mashine ilitolewa tukiimba. Tulikuwa tumeonywa kwamba moyo ukikawia sana kusimama, figo hazitachukuliwa. Niliogopa usimame, na niliogopa usisimame. Sikujua nimwombe Mungu lipi. Uliposimama tukanyamaza. Daktari alisubiri, akasikiliza tena kifua, akatuambia amefariki. Shangazi aliingiza pindo la kitenge kinywani, akaling'ata mpaka kitanda kilipovuka mlango. Hapo ndipo alipolia, na korido nzima ikasikia.

Siku zilizofuata tuliambiwa kwamba figo zote mbili zimepata watu. Hatukuambiwa ni akina nani. Shemeji alishukuru sana. Lakini mara kwa mara, tukiwa wawili, huniuliza: "Shemeji, kweli angekubali?" Namwambia alifanya vema, nami naamini hivyo. Ila swali lake lilikuwa la kujibiwa na mtu mmoja tu, naye hakuulizwa alipokuwa mzima.

Leo mkikaa kula, waambie watu wa nyumbani kwako unachotaka kuhusu viungo vyako ukifa, iwe ndiyo au hapana, kwa sauti ya kusikika na wote.