Namba Aliyoibembeleza Ham Seon-hui

Saa moja na robo asubuhi, Ham Seon-hui ameinamia kipande cha aloi ya nikeli, anakitoboa matundu membamba ya kupitishia nyaya za kupimia joto. Jana aliweka nyaya sita, zote zikakatika kabla ya sekunde ya nne. Leo anaweka nane.

"Kazi hii ilikuwa ya mwaka jana," anasema bila kuinua kichwa. "Mimi niliiruka."

Seon-hui, mwenye umri wa miaka 44, ni mtaalamu wa kompyuta katika kiwanda kimoja mjini Changwon. Hapa watu wanalehemu bila moto. Kipande kimoja kinazungushwa kwa kasi, kingine kinakandamizwa juu yake, msuguano unavilainisha mpaka vinashikana, na chuma laini kinafura pembeni kama ukosi wa shati. Yeye huyaigiza kwanza yote hayo kwenye skrini, ili mafundi waambiwe wasugue kwa sekunde ngapi.

Skrini inataka namba ya msuguano, na namba hiyo hupatikana kwa kupima joto. Mwaka jana nyaya zilikatika mara kumi na moja, na mteja alikuwa akipiga simu kila siku. Seon-hui akachukua njia ya mkato ambayo watu wa kazi yake wanaijua sana: aliipandisha namba, akaishusha, mpaka ukosi wa kwenye skrini ukafanana na wa kipande halisi.

"Zilifanana kama pacha. Meneja Noh akasema, 'Fundi Ham, leo supu juu yangu.' Nami nikainywa."

Balaa ni kwamba ukosi waweza kufanana huku joto la ndani likiwa pungufu kabisa. Skrini ikasema sekunde tisa.

Tak Gil-su, 57, aliyesimama kwenye mashine ya kusugulia miaka kumi na tisa, hakuafiki.

"Dada, bado inalia," alimwambia. "Ikiiva hunyamaza. Hii mbichi."

"Mzee Tak, kompyuta haina masikio."

"Basi iazime yangu."

Watu wakacheka. Mzee Tak akasugua sekunde tisa kama alivyoagizwa.

Kipande cha tatu kilipovutwa kwa majaribio, kilikatikia kwenye kiungo. Kibanzi cha chuma kikapenya pembeni mwa miwani ya Mzee Tak. Jicho la kushoto halioni tena.

Ripoti ya kiwanda inasema Mzee Tak alipunguza mgandamizo kwa uzembe. Ijumaa kamati inakaa kumfukuza, na sahihi inayosubiriwa ni ya Seon-hui.

Mwezi uliopita alimpelekea mapeari nyumbani, akiwa amejiandaa kutukanwa. Mzee akammenyea moja kwa kupapasa.

"Huenda ni kweli nilipunguza, dada," akamwambia. "Mkono umezeeka. Nisamehe nimekuharibia kazi."

Seon-hui anapofika hapo anaacha kutoboa, anafuta macho kwa kiwiko. "Tumemwibia jicho, sasa tunamwibia na akili yake. Angenitukana ningelala."

Mashine inawashwa. Sauti inapanda, inakwaruza, watu wanaziba masikio. Nyaya tano zinakatika, tatu zinastahimili. Seon-hui anaiingiza namba mpya, anasubiri mpaka saa nane mchana, chakula chake kikipoa kwenye mkebe.

Jibu ni sekunde kumi na nne. Seon-hui anasema ndipo mashine ilipoanza kunyamaza asubuhi.

Meneja Noh anaisoma karatasi ya majibu akiwa amesimama. "Ukinyamaza, anaumia mmoja," anasema kwa upole. "Ukisema, tunaumia wote. Una mama mgonjwa, Fundi Ham."

Seon-hui anamwinamia kwa heshima, anaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Anakusudia kuisoma mbele ya kamati, kisha atafute kazi nyingine, ikipatikana. Matumaini yake ni kwamba Mzee Tak atakuwepo aisikie.

Mwandishi alimuuliza kama jina lake libadilishwe gazetini.

"Liandike lote," alijibu. "Na litoke kabla ya Ijumaa. Najijua, nitaogopa."