Mlinzi wa Kiwanda cha Muhogo

Kiwanda kilichojengwa mpakani Busia kwa fedha za serikali mbili hakijasaga hata muhogo mmoja, lakini kila asubuhi mlinzi wake huifuta mashine kwa kitambaa chenye mafuta. Provia, mkulima, akija kutoka kijiji cha Buteba na kikapu cha muhogo kichwani, mlinzi humtua mzigo, huvunja muhogo, huunusa. Ni ule mchungu ambao wakulima waliambiwa wapande badala ya mahindi, kiwanda kitaununua. Ukichemshwa tu bila kusindikwa, una sumu.

"Ngoja kidogo, mama. Watafungua."

Leo Provia alimuuliza, "Na wewe mzee, ulipanda muhogo gani?"

Mlinzi akaminya kitambaa. "Hii hii. Shamba yote."

Akarudi kwenye mashine, akaifuta taratibu, kila pembe. Provia aliwahi kuona mikono ikienda hivyo: siku walipomwosha marehemu mumewe.